Filamu ya papa imekuchefua? Tafuta tatizo lilipo kabla hujailaumu bajeti

Muvi ya papa muuaji ikivurunda, hukumu ya watazamaji huwa ya maneno mawili: “Bajeti ndogo.” Hukumu hiyo inaficha mengi. Open Water ya mwaka 2003 ilitengenezwa kwa takriban dola 120,000 za Marekani, na wapo ambao tangu waione hawathubutu kuogelea mbali na boti. Jaws: The Revenge ya 1987 iligharimu zaidi ya dola milioni 20, na papa wake anatoa kichwa nje ya maji na kunguruma. Kati ya hizo mbili, iliyoharibika siyo ile iliyokosa pesa.

Nazipenda filamu hizi kwa dhati, hasa za bei chee. Inaniuma zikipigwa nyota moja kwa kosa lisilo lao, na inaniuma vilevile zikisamehewa kosa ambalo lingerekebishwa bila kutoa hata senti. Mwongozo huu unachukua malalamiko yanayojirudia sana kwa watazamaji, moja baada ya jingine, na kutafuta limetoka wapi. Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu, na kimojawapo kikawa kwenye simu yako. Nitaitaja miisho ya Open Water na 47 Meters Down, kwa hiyo kama hujaziona, kaziangalie kwanza.

“Sioni kitu, picha ni giza na vijisanduku”

Anzia hapa, maana hili unaweza kulipima mwenyewe kwa dakika mbili.

Video ya mtandaoni hubanwa ili ipite kwenye intaneti. Namna mojawapo ya kuibana ni kutunza sehemu za picha ambazo hazijabadilika na kutuma mabadiliko peke yake. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo mtu akiwa amekaa mbele ya ukuta, video inapita vizuri hata kwenye mtandao dhaifu. Bahari hubadilika yote kila nukta ya sekunde: kila wimbi, kila mmeto wa jua. Ukiwa umewasha kipengele cha kuokoa bando, uso wa maji huvunjika vipande vipande, na papa aliye chini yake humezwa na vipande hivyo. Rudia tukio lilelile kwa ubora wa juu. Vijisanduku vikitoweka, filamu haina hatia.

Kwenye televisheni angalia kitu kingine. Seti nyingi za kisasa zinatoka dukani zikiwa na mpangilio unaolainisha mwendo wa picha. Mpangilio huo unafaa kwa mpira, ila kwenye filamu unafanya kila kitu kionekane kama tamthilia iliyorekodiwa haraka, na papa wa kompyuta ndiye anayeumbuka kuliko wote. Uzime, au chagua hali ya sinema. Funga na mapazia. Matukio ya chini ya maji yametengenezwa yaonwe kwenye chumba chenye giza, na wengi wetu tunayaangalia saa nane mchana sebuleni.

Ukiyamaliza hayo na picha bado ni chafu, basi chanzo ni kamera au ni uamuzi, na hapo inabidi utenganishe. Open Water ilirekodiwa kwa kamera ndogo za dijitali za wakati ule. Waliokuwa nyuma yake ni mume na mke, Chris Kentis na Laura Lau, wote wapiga mbizi, wakishika kamera wenyewe. Kamera zile zinachoma sehemu zenye mwanga mkali na zinakwaruza kingo, na watazamaji wengi waliifananisha na video ya likizo. Wameona sawa, ila hiyo ndiyo faida yake: kamera inaelea usawa wa mdomo wa mwogeleaji, maji yanapiga kioo, na hakuna pembe hata moja inayokupa nafasi ya kukaa salama juu ya tukio. Tukio la dhoruba usiku ni giza kabisa. Unaona tu radi inapomulika. Watu wawili walioachwa baharini usiku hawaoni zaidi ya hapo. Malalamiko ya “sikuona kitu” kwenye tukio lile yanatoka kwa mtu aliyefikishwa pale pale mwongozaji alipotaka afike.

Neno kuhusu nakala zilizotafsiriwa. Wengi wetu tumezijua filamu za papa kwenye vibanda umiza au kwenye diski zenye filamu kumi na kitu, huku mtafsiri akisimulia juu ya sauti za waigizaji. Kwa filamu ya makelele usimulizi huo ni utamu, na mtafsiri mzuri anaweza kuiokoa hadithi dhaifu. Kwa filamu inayotegemea ukimya, sauti ya maji na pumzi ndiyo nusu ya kazi, na ikifunikwa umeona filamu nyingine. Ukitoa maoni, sema uliona nakala ipi.

“Papa ni wa plastiki”

Au “papa ni katuni”. Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na watu wengi huishia hapo. Usiishie. Simamisha picha pale papa anapogusa maji au mtu, uangalie mambo matatu.

La kwanza ni pale ngozi inapokutana na maji. Papa halisi akikata uso wa bahari anasukuma maji mbele yake, anaacha povu nyuma, na mgongo uliolowa unameta. Ukiona mstari msafi usio na povu wala matone, papa amebandikwa juu ya picha ya bahari iliyorekodiwa bila yeye. Kuyatengeneza maji yanayovurugika kwa kompyuta ni kazi nzito na ya muda mrefu, ndiyo maana watengenezaji wadogo wanairuka. Hapa bajeti ina hatia, sikatai.

La pili ni rangi. Maji hula rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Ukishuka vya kutosha, damu inaonekana kama ukungu wa kijani au weusi. Papa mweupe naye ana mgongo wa kijivu na tumbo jeupe. Ukimtazama toka juu anajichanganya na giza la chini, ukimtazama toka chini anajichanganya na mwanga wa juu. Ndivyo anavyowinda. Papa wa kompyuta aliyetengenezwa kwa haraka huwa amemulikwa sawasawa pande zote, unamwona toka mbali, na damu ya windo lake ni nyekundu ya nyanya hata kwenye kina cha mita 30. Kosa hilo halikuletwa na umaskini. Mpiga mbizi yeyote angewasahihisha kwa simu.

La tatu ni uzito. Papa mweupe wa mita 5 anapita tani moja. Akigeuka, mwili mzima unajikunja: kichwa kinaanza, mgongo unafuata, mkia unamalizia, ukipiga kushoto na kulia. Ukimwona anageuka papo hapo akiwa amenyooka, au mkia unapiga juu na chini kama wa nyangumi, aliyemchora hakukaa kuangalia papa akiogelea. Pezi la mgongoni linalokata maji kwa mwendo mmoja, bila kupanda wala kushuka, ni ndugu wa kosa hilo.

Sasa uliza swali ambalo watazamaji hawalizi vya kutosha. Kama mwongozaji alijua papa wake hapendezi, kwa nini amemweka katikati ya picha, mchana kweupe, dakika ya tano?

Jaws ya 1975 ndiyo somo lenyewe. Steven Spielberg alikuwa na papa wa mashine, watatu, waliojaribiwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Walipotumbukizwa kwenye maji ya chumvi ya Martha's Vineyard, huko Massachusetts, mitambo ikawa inakufa kila mara. Siku 55 zilizopangwa zikawa 159. Kwa kuwa papa haonyesheki, Spielberg akatumia alichokuwa nacho: kamera inayoteleza usawa wa maji, gati la mbao linaloburutwa na kisha kugeuka kumfuata mtu, mapipa ya njano yanayozama na kuibuka, na muziki wa John Williams. Msichana wa mwanzo anavutwa na kutupwa huku na huko, na hatuoni hata pezi. Papa mwenyewe anatoa kichwa chake mbele yetu baada ya zaidi ya saa nzima. Mapipa ni kitu ambacho kikundi chochote cha filamu kinaweza kukipata.

Njia ya pili ni kutumia papa halisi. Open Water ilifanya hivyo Bahama: Blanchard Ryan na Daniel Travis waliingia majini na papa wa miamba wa Karibi, wamevaa nyavu za chuma chini ya nguo za kupigia mbizi, huku wataalamu wakiwavuta papa kwa vipande vya jodari. Ndipo likazuka lalamiko la upande wa pili: “Papa wenyewe wadogo.” Ni kweli hawafiki ukubwa wa papa mweupe. Angalia lakini jinsi mgongo mmoja unavyopita taratibu nyuma ya bega la Susan, mhusika wa Blanchard Ryan, wakati yeye anatazama kwingine. Hakuna kishindo wala muziki wa kukuonya, na papa anaendelea na safari yake. Woga wa tukio lile unatokana na hakika kwamba kitu kile kweli kilikuwa pale.

The Reef ya 2010, ya Andrew Traucki wa Australia, ilichukua njia ya kati: papa weupe halisi walirekodiwa peke yao, kisha wakaunganishwa na waigizaji. Mizani inabaki sawa kwa sababu mnyama ni mnyama. Mtu akiniuliza filamu gani ya papa yenye bajeti ya wastani inaonyesha mnyama vizuri, naanza na hiyo.

“Huyu siye papa wa dakika mbili zilizopita”

Chanzo ni kimoja tu: picha zimenunuliwa au kuchukuliwa toka filamu za wanyamapori. Papa wa picha ya kwanza ana mistari ubavuni, wa pili ni mweupe, wa tatu ana meno ya jinsi nyingine. Shark Attack 3: Megalodon ya 2002 ndiyo mfano unaotajwa sana, papa wake anakua na kupungua kulingana na picha aliyookotwa, na mwishoni anameza boti nzima kwa sababu boti imepunguzwa na kuwekwa mdomoni. Haitibiki. Lililobaki ni kuuliza kama hadithi inakushika kiasi cha kulisahau, na kwa hiyo jibu langu ni hapana.

“Hakuna kinachotokea, inaboa”

Hapa ndipo watu wanapogombana kuhusu Open Water, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Filamu ile ina dakika 79. Mume na mke walio likizoni wanaenda kupiga mbizi, boti inawasahau, wanaelea. Basi. Baada ya kuoneshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2004 ilinunuliwa kwa dola milioni 2.5, ikapelekwa kwenye majumba makubwa ya sinema majira ya joto, ikaingiza zaidi ya dola milioni 50 duniani. Wahakiki wengi waliisifu. Watazamaji wengi walitoka wamenuna. Walikuwa wameahidiwa, kwa matangazo na kwa maneno ya magazeti, kitu kinachofanana na Jaws, wakapewa watu wawili wanaoelea na kubishana.

Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha kuboreka: ahadi. Ukitaka kukipima, jiulize ulikuwa unasubiri nini, na nani alikuambia usubiri hicho. Kama ni trela, basi trela ndiyo yenye kosa. Huwezi kuipa filamu nyota moja kwa kutokuwa filamu nyingine.

Chanzo cha pili ni kikubwa zaidi, na hicho kweli ni kosa la watengenezaji: kusubiri kusikobadilisha kitu. Filamu inaweza kwenda polepole ikakushika roho, mradi hali inazidi kuwa mbaya. Jaribu kupima Open Water kwa kipimo hicho. Kwanza wanasubiri boti kwa utani. Kisha boti wanaiona kwa mbali na haiji. Kiu inaingia. Viwavi vya baharini vinawachoma. Wanalala, wanaachana, wanatafutana. Susan anang'atwa mguuni na hajui, kwa sababu hasikii maumivu. Daniel anashusha uso majini na kuona samaki wadogo wakidonoa nyama iliyo wazi, anarudi juu na hamwambii. Hapo hakuna papa hata mmoja kwenye picha. Kinachoonekana ni mume anayeamua mkewe asijue, na uso wake anapoamua. Kuna ugomvi pia, wa kelele, nani kosa lake kufika huku, hadi Susan anapiga ukelele kwamba yeye alitaka waende kuteleza kwenye theluji. Watazamaji wanaucheka ugomvi ule. Mimi nauona ndio ukweli wenyewe wa ndoa iliyobanwa mahali pasipo pa kukimbilia. Kwa kipimo hiki filamu imepita. Kila baada ya dakika chache wamepoteza kitu ambacho hawatakipata tena.

Sasa chukua ile muvi nyingine unayoijua, ambayo nusu saa ya kwanza ni vijana kwenye deki, bia mkononi, nani anampenda nani. Ukiifuta nusu saa ile, hadithi haipungui. Hiyo ndiyo inayoboa kweli. Sababu yake ni ya kihasibu: kurekodi majini ni ghali na ni taratibu. Boti ya kamera inachukuliwa na mkondo, jua linahama na picha mbili hazifanani tena, waigizaji wanapata baridi, lazima wapiga mbizi wa usalama wawepo. Kwa hiyo mwandishi anaambiwa aweke watu nchi kavu kadiri inavyowezekana. Bajeti imesababisha, ndiyo, lakini mazungumzo ya kwenye deki yangeweza kuandikwa vizuri kwa gharama ileile.

“Wahusika wajinga, bora waliwe”

Kuna ujinga wa aina mbili, na watazamaji huzichanganya.

Ujinga wa kumsaidia mwandishi ni ule wa mtu anayeingia majini baada ya kuona mwenzake akiliwa, kwa sababu bila yeye kuingia filamu ingeisha. Huo ulaumu bila huruma.

Ujinga wa pili ni makosa ambayo watu huyafanya kweli. Wengi wameandika kwamba haiwezekani boti isahau abiria wawili. Imewezekana. Tarehe 25 Januari 1998, Tom na Eileen Lonergan, Wamarekani, walipiga mbizi kwenye Great Barrier Reef nchini Australia, na boti ikaondoka bila wao. Siku mbili hivi zilipita kabla mtu hajagundua. Miili yao haikupatikana, na kanuni za kuhesabu wapiga mbizi huko Queensland zikakazwa. Open Water imejengwa juu ya tukio hilo, ila haikuliweka Australia, na inaonyesha kosa lenyewe hatua kwa hatua: watu ambao walishahesabiwa wanashuka tena na kuhesabiwa upya, idadi inatimia kwenye karatasi, injini inawashwa. Irudie sehemu ile ukiwa makini. Hakuna mtu mbaya pale, hakuna mzembe wa kuchukiza. Hesabu imetoka sawa kwa njia ya makosa, na kwangu ni tukio la kutisha kuliko meno yoyote.

Halafu kuna yule anayesema yeye angeogelea tu hadi nchi kavu. Kichwa chako kikiwa juu ya maji kwa sentimita 30, upeo wa macho uko kama kilomita 2 kutoka ulipo, bahari ikiwa shwari. Ikiwa na mawimbi, unaona ukuta wa maji unaofuata basi. Mkondo nao haukusubiri uamue. Susan na Daniel hawajui nchi kavu iko upande gani, na boti inayopita mbali haiwezi kukiona kichwa kimoja katikati ya maji yote yale.

“Haiwezekani kisayansi”

Lalamiko hili nalipenda, maana linatoka kwa mtu aliyekuwa makini. Lakini lipime.

Papa hangurumi. Hana mapafu wala kiungo cha kutolea sauti. Ngurumo huwekwa kwenye chumba cha kuhariri na mtu asiyeamini kwamba picha yake inatisha. Kuifuta ni bure, kwa hiyo kila ngurumo ni uamuzi mbaya.

Hewa ya kwenye mitungi ni jambo gumu zaidi. 47 Meters Down ya Johannes Roberts, iliyotoka 2017, inawaweka dada wawili ndani ya kizimba kilichozama hadi kina cha mita 47. Kwenye kina hicho mgandamizo ni karibu mara 5.7 ya ule wa juu, na kila pumzi inakula hewa kwa kiwango hichohicho. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi mgandamizo wa baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia takriban 114 akiwa chini kule, na mtungi utaisha ndani ya dakika 21. Akipaparika, mara mbili ya matumizi, dakika kumi. Wapiga mbizi waliolalamika wana hoja: filamu imeunyoosha muda. Upande wa pili, imepata vitu ambavyo filamu tajiri huvikosa. Maji yake yana chembechembe zinazoelea na giza linaloanza mita chache mbele ya uso, ingawa matukio ya chini ya maji yalirekodiwa kwenye bwawa huko Uingereza. Ili maji yasionekane safi kama ya bwawa, walimwaga brokoli iliyokatwakatwa. Huo ndio ubunifu wa mtu asiye na pesa nyingi, na umefanya kazi.

Kuhusu papa kuwawinda watu kwa kisasi, hapo filamu karibu zote zinadanganya. Kumbukumbu za mashambulizi ya papa zinazotunzwa Chuo Kikuu cha Florida zilihesabu matukio 69 ya papa kung'ata watu bila kuchokozwa mwaka 2023 dunia nzima, na vifo 10 kati ya hayo. Kwa mtu aliyekulia Kilwa au Lamu, ambako papa ni kitoweo na papa mkavu wa nazi ni chakula cha nyumbani, mnyama huyu huliwa mara nyingi kuliko anavyokula. Hali hiyo haiondoi woga wa sinema, ila ukiona kwamba filamu haikutishi kama inavyowatisha wengine, inawezekana chanzo ni hicho, nawe huna haja ya kujilazimisha.

“Upuuzi mtupu”

Sharknado ilirushwa na kituo cha Syfy tarehe 11 Julai 2013. Kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga Los Angeles. Barabara ni kavu kwenye picha hii na imelowa kwenye inayofuata, kwa sababu mvua ya kutosha mtaa mzima haikununulika. Steringi anarukia ndani ya kinywa cha papa na msumeno wa mashine na kutokea upande wa pili.

Mtazamaji anayeipa nyota moja kwa upuuzi hajakosea kuuona upuuzi. Amekosea namna ya kuitazama. Ni filamu ya kuangaliwa na watu wengi wanaopiga kelele. Usiku ule wa kwanza watu walikuwa wakiijadili Twitter huku inaendelea, na huko ndiko ilikopatia jina. Ukiiangalia peke yako kwenye simu usiku wa manane, itakuchosha. Ninachokilaumu ni kile kilichofuata. Zilitoka filamu sita hadi 2018. Ya kwanza ina nguvu kwa sababu waigizaji wanaubeba msiba wao kama msiba kweli. Zile za baadaye kila mtu kwenye picha anajua kwamba tunacheka, anatukonyeza, na hakuna tena kinachoweza kumpata kikamwogopesha mtazamaji.

“Mwisho umeniudhi”

Ukiudhiwa na mwisho, rudi nyuma utafute kama ulionywa. 47 Meters Down inamalizia kwa kuonyesha kwamba uokoaji tuliouona ulikuwa ndoto ya Lisa, mmoja wa wale dada, akiwa bado chini, amelewa naitrojeni, gesi ya hewani ambayo ikivutwa kwenye kina kirefu hulevya. Watu waliita wizi. Lakini nahodha alishasema kwenye redio, mapema, kwamba mtungi wa pili unaweza kuwaletea maono. Onyo lilitolewa kwa sauti, na kama lilikupita, hilo ni lako. Mwisho ambao haukuandaliwa popote, unaokuja tu kwa sababu mwandishi alitaka kushtua, huo ndio wa kulaumu.

Open Water ni kesi nyingine. Daniel anakufa usiku. Asubuhi Susan anauachia mwili wake, anawaona papa wamemzunguka, anavua vifaa vyake na kujiachia kuzama. Swali linalorudi ni kwa nini hakupigana hadi dakika ya mwisho, maana tumezoea steringi hafi. Hakubaki na cha kupigania wala cha kupigania nacho: hana maji ya kunywa, hana mwenzake, hana boti, na anajua kilichompata Daniel. Asubuhi ileile waokoaji ndio kwanza wameanza kutafuta, na filamu inatuonyesha hilo. Mimi naona ndio mwisho pekee ambao dakika 70 zilizotangulia zilikuwa zinaruhusu. Unaweza usikubaliane nami, na maoni ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta: mtu aseme Susan angeweza kufanya nini kingine, kwa kutumia kile alichokuwa nacho pale majini.

Ukiandika maoni juu ya mwisho, weka onyo kwenye mstari wa kwanza ili asiyeiona aruke. Taja nakala uliyoiona na kifaa ulichotumia. Kisha taja tukio moja lililoharibu au lililoponya, kwa dakika yake, ili anayefuata aende kuliangalia mwenyewe.